Chembe sahani zimeshuka na vitamini D iko chini: je, moja ndiyo imeiangusha nyingine?

SWALI

Shikamoo daktari. Nakuandikia kuhusu mdogo wangu wa kiume mwenye miaka 27. Alianza na homa kali ya ghafla, kichwa, maumivu nyuma ya macho na viungo kuuma. Kipimo cha malaria kilirudiwa mara mbili na hakikuonyesha vimelea. Siku ya nne ya homa alipimwa damu: chembe sahani (PLT), zile zinazosaidia damu kuganda, 84,000, hematokriti 41, na seli nyeupe 2.9. Tukaambiwa ni homa ya virusi, arudi nyumbani apumzike. Siku ya sita, yaani jana, akapima tena: PLT 61,000, hematokriti 43, na MPV 12.4 yenye alama ya H pembeni ambayo hakuna aliyetueleza maana yake. Homa imekatika tangu jana asubuhi. Ni mnyonge, anakula kidogo, ana vidoa vichache vyekundu miguuni, lakini hatoki damu popote.

Katika vipimo vya jana kulikuwa pia na cha vitamini D, kikasoma nanogramu 13 kwa mililita. Muuza dawa akatuambia hiyo ndiyo iliyoangusha chembe sahani. Akampa vidonge vya yuniti 50,000, ameze kimoja asubuhi na kimoja jioni siku ya kwanza, kisha kimoja kila siku hadi viishe vyote kumi. Ameshameza vitatu. Kwa maumivu amekuwa akitumia diklofenaki.

Je, ni kweli upungufu wa vitamini D unashusha chembe sahani? Aendelee na vidonge? Aongezewe chembe sahani hospitalini? Na sisi wengine nyumbani tuanze kumeza vitamini D kujikinga?

Dada mwenye wasiwasi

JIBU

Marahaba, mwanangu. Kabla hatujafika kwenye vitamini kuna jambo la leo. Mrudishe mdogo wako kituo cha afya leo hii akaonwe na kupimwa damu tena, hata kama anasema anajisikia nafuu. Homa ya ghafla, maumivu nyuma ya macho, seli nyeupe chache na chembe sahani zinazoshuka ni picha inayofanana sana na homa ya dengi. Katika dengi, saa za hatari huja pale joto linaposhuka, kwa kawaida kati ya siku ya tatu na ya saba ya ugonjwa, na hudumu saa 24 hadi 48. Kuta za mishipa midogo huanza kuvuja, majimaji ya damu yanahamia tumboni na kifuani, na presha inaweza kuporomoka huku kipimajoto kikisoma 36.8. Mdogo wako yuko ndani ya saa hizo sasa hivi.

Mwambie anayempima kwamba leo ni siku ya saba. Hilo lina maana, kwa sababu kipimo cha dengi kiitwacho NS1 hufanya kazi vizuri zaidi siku tano za mwanzo, na baada ya hapo ndipo kingamwili za IgM zinapoanza kuonekana vizuri. Mtu akipimwa NS1 peke yake siku ya saba na kuambiwa hana dengi, jibu hilo halitoshi.

Kwenye karatasi yake, namba ninayoiangalia kwanza ni hematokriti, yaani asilimia ya damu ambayo ni chembe nyekundu. Majimaji yakivuja, chembe nyekundu hubaki zimesongamana na hematokriti hupanda. Kupanda kwa asilimia 20 kutoka kiwango cha mgonjwa mwenyewe ni ishara nzito. Yeye ametoka 41 hadi 43, kama asilimia 5 tu, na hilo linanipa matumaini. Ikifika 49, huyo ni wa kulazwa bila mjadala. Ndiyo maana nataka kipimo kirudiwe leo na kesho, na PLT na hematokriti zisomwe pamoja. PLT inayoshuka huku hematokriti ikipanda ni habari tofauti kabisa na PLT inayoshuka peke yake.

Hata akiruhusiwa kurudi nyumbani, kuna mambo ya kumkimbiza hospitali usiku huohuo: maumivu makali ya tumbo yasiyoisha, kutapika mfululizo, damu puani au kwenye fizi, choo cheusi kama lami, kuchanganyikiwa au kulegea kupita kiasi, mikono na miguu kuwa ya baridi, au kupitisha saa sita bila kukojoa. Anywe maji ya ORS, juisi au supu kidogokidogo mchana kutwa, kiasi cha kumfanya akojoe angalau mara nne hadi sita kwa siku.

Diklofenaki aiache leo. Dawa za kundi lake, ikiwemo ibuprofeni, huzifanya chembe sahani chache alizobaki nazo zisishikamane vizuri, na hapohapo huchubua ukuta wa tumbo. Aspirini ni mbaya zaidi, kwa sababu chembe iliyoguswa nayo haiponi tena mpaka ife, na chembe sahani huishi siku 7 hadi 10. Kwa maumivu atumie parasetamoli: gramu nusu hadi gramu moja, kila baada ya saa sita, isizidi gramu nne kwa siku, yaani vidonge vinane vya miligramu 500. Akiwa na uzito chini ya kilo 50, au vipimo vya ini vikiwa vimepanda, kama inavyotokea mara nyingi katika dengi, daktari atapunguza hapo.

Asichomwe sindano ya msulini, iwe ya maumivu au ya vitamini. Nasisitiza hili kwa sababu vitamini D nayo hutolewa kwa sindano ya makalio ya yuniti 300,000, na ukiwa na PLT ya 61,000 inayoendelea kushuka, sindano hiyo inaweza kuacha bonge la damu ndani ya msuli.

Sasa tuingie kwenye swali lako.

Mtu mzima mwenye afya ana chembe sahani 150,000 hadi 450,000 katika kila maikrolita ya damu. Hutengenezwa kwenye uboho wa mifupa, zikimeguka kutoka kwenye seli kubwa sana zinazoitwa megakariositi. Virusi huzipunguza kwa njia kadhaa, mara nyingi zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Huweza kuudumaza uboho kwa siku kadhaa, na kwa kawaida seli nyeupe hushuka pamoja nazo, kama ilivyo kwa mdogo wako. Kingamwili zilizotengenezwa kupambana na virusi huweza kuzivamia chembe sahani zenyewe. Bandama ikivimba huzizuia nyingi ndani yake. Chembe nyingine hutumika kuziba mishipa iliyojeruhiwa. Ini nalo likishambuliwa hutoa kidogo trombopoietini, homoni inayouamuru uboho uzalishe chembe. Dengi, surua, rubela, tetekuwanga, homa ya ini C, VVU, UVIKO-19, hata mafua makali, zote zinaweza kufanya hivyo. Malaria pia huzishusha sana ingawa si kirusi, na ndiyo maana mlifanya vizuri kuirudia.

Kwa maneno mengine, virusi peke yake vinatosha kabisa kueleza 61,000. Hatuhitaji kumtafuta mshitakiwa mwingine.

Vitamini D imeingiaje hapa? Dhana ya muuza dawa haikutoka hewani. Vipokezi vya vitamini D vipo kwenye seli za kinga na vimeonekana pia kwenye megakariositi na chembe sahani. Vitamini hii husaidia seli za kinga kutengeneza kathelisidini, protini inayoua vijidudu, na husaidia kutuliza kinga isivuke mpaka. Zipo pia tafiti zilizokuta watu wenye vitamini D ndogo wana chembe sahani kubwa kuliko kawaida. Lakini hizo ni tafiti za kuangalia vitu viwili vilivyokutana kwa mtu mmoja. Hazionyeshi kipi kilimleta mwenzake, na kutoka hapo hadi kusema "meza hii chembe zipande" ni mruko mkubwa. Mwongozo wa dengi wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 haukuweka vitamini D kama tiba ya kupandisha chembe sahani.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi wanapopokea majibu. Kipimo kile huhesabu 25-hidroksivitamini D, ambayo husafiri kwenye damu ikiwa imebebwa na protini maalumu. Mwili unapopambana na maambukizi makali, protini hiyo hupungua na namba ya vitamini D hushuka nayo ndani ya siku chache. Jambo hilohilo limeonekana kwa watu waliofanyiwa upasuaji mkubwa, ambao jana yake walikuwa na kiwango cha juu zaidi. Kwa hiyo 13 iliyopimwa siku ya sita ya homa haituambii kwa hakika alikuwa na ngapi kabla ya kuugua. Huenda upungufu ni wa kweli, kwani chini ya 20 ndicho kiwango kinachoitwa pungufu na chini ya 12 ni pungufu sana. Huenda pia alikuwa na 18 au 20 na ugonjwa ukaivuta chini. Sioni sababu ya kupima vitamini D mtu akiwa katikati ya homa. (Maabara nyingine huandika kwa nanomoli kwa lita. Gawanya kwa 2.5 upate nanogramu, usije ukaiona 32 ukadhani uko salama kumbe ni 13.)

Na hata tuseme upungufu ni wa kweli, dozi kubwa wakati wa ugonjwa inasaidia? Jaribio la Brazil lililochapishwa mwaka 2021 liliwapa wagonjwa wa UVIKO-19 waliolazwa yuniti 200,000 kwa mkupuo, na wengine dawa bandia. Walikuwa 240 kwa jumla. Vitamini yao ilipanda vizuri kwenye vipimo, lakini siku za kukaa hospitalini hazikupungua. Vitamini hii inafanya kazi kwa wiki na miezi, na dhoruba ya virusi hupita ndani ya siku.

Sasa hivyo vidonge. Kumi vya yuniti 50,000 ni yuniti 500,000 ndani ya siku tisa. Kwa mtu mzima mwenye upungufu, utaratibu uliozoeleka ni kidonge kimoja cha 50,000 kwa wiki, kwa wiki sita hadi nane. Nashuku mahali fulani "kwa wiki" iligeuka "kwa siku", kosa ambalo ni jepesi kutokea na lina gharama. Vitamini D huyeyuka kwenye mafuta, hivyo haikojolewi kesho yake kama vitamini C. Nusu ya 25-hidroksivitamini D huchukua wiki mbili hadi tatu kuondoka kwenye damu. Ikirundikana, kalsiamu hupanda: kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara, kichefuchefu, choo kigumu, kuchanganyikiwa, na figo huumia. Kwa mgonjwa wa leo hilo ni hatari mara mbili, kwa sababu kichefuchefu na unyonge wa kalsiamu utafichwa na ugonjwa wenyewe, na kukojoa sana kutamkausha maji wakati anayahitaji. Na dozi nzito kwa mkupuo haijengi mwili kwa haraka zaidi. Huko Australia, utafiti wa mwaka 2010 uliwapa wanawake wa miaka 70 na zaidi yuniti 500,000 mara moja kwa mwaka, na walianguka na kuvunjika mifupa zaidi ya waliopewa dawa bandia.

Kwa hiyo asimeze cha nne. Vitatu alivyomeza, yuniti 150,000, havitamdhuru akiwa na figo nzima, na kwa kweli ni sawa na dozi ya wiki tatu. Aache kabisa kwa wiki tatu. Baada ya hapo, akiwa amepona na anakula vizuri, ameze yuniti 1,000 hadi 2,000 kwa siku, sawa na maikrogramu 25 hadi 50, pamoja na mlo wenye mafuta kidogo maana ndipo inapofyonzwa vizuri. Apime tena baada ya miezi mitatu. Ikiwa bado chini ya 20, hapo daktari ataona kama anahitaji kile cha 50,000 kwa wiki. Asianze bila kumuuliza daktari iwapo ana mawe kwenye figo, kifua kikuu, sarkoidosisi, au anatumia digoksini au dawa za presha za kundi la thiazidi. Anayetumia rifampisini, efavirenzi au dawa za kifafa kama fenitoini mara nyingi huvunja vitamini D haraka, na dozi yake hupangwa kivyake.

Ile MPV yenye H ni ukubwa wa wastani wa chembe sahani moja. Mashine nyingi huweka alama ikivuka 11 au 12. Chembe changa zilizotoka uboho sasa hivi huwa kubwa, kwa hiyo PLT ndogo yenye MPV kubwa mara nyingi humaanisha uboho haujalala, unajitahidi kufidia zinazoharibiwa. Haikuwekewa alama kwa sababu ya vitamini D. Ila kuna tahadhari: damu ikikaa saa nyingi kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, dawa iliyomo ya EDTA, ya kuzuia damu isigande, huzivimbisha chembe, na 12.4 inaweza kuwa ni chupa iliyochelewa tu kufika kwenye mashine.

Chupa hiyohiyo ina kosa kubwa zaidi. Kwa baadhi ya watu EDTA huzifanya chembe sahani zishikamane mafungu, na mashine huhesabu fungu zima kama kitu kimoja au huliruka. Mtu mwenye 200,000 anaandikiwa 60,000. Huwa hivyo pia damu ikitoka kwa shida, au chupa isipogeuzwa taratibu mara nane hadi kumi baada ya kujazwa. Kwa mdogo wako, vidoa na seli nyeupe chache vinanifanya niamini kwamba kushuka ni kwa kweli, lakini mwombe mtaalamu wa maabara aitazame slaidi kwa darubini. Akiona mafungu, damu itolewe upya kwenye chupa ya sitrati yenye kifuniko cha buluu na jibu lizidishwe kwa 1.1, kwani dawa ya majimaji iliyomo huizimua damu.

Kuhusu vidoa, bonyeza sehemu hiyo kwa kitako cha glasi angavu. Visivyofifia ni damu iliyovuja chini ya ngozi. Vichache miguuni kwa PLT hiyo si ajabu, lakini chora mstari kwa kalamu kuzunguka eneo lake uone kama vinasambaa.

Kuongezewa chembe sahani? Kwa namba hiyo, bila kutoka damu, hapana. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Singapore na Malaysia kwa watu wazima wenye dengi waliokuwa na 20,000 au chini yake, bila damu kutoka kwa wingi. Waliopewa chembe sahani hawakukingwa na kutokwa damu kuliko wasiopewa, na walipata madhara mengi zaidi, yakiwemo mzio na maji kujaa mwilini. Chembe za kuongezewa huharibiwa na ugonjwa uleule. Akitokwa damu nyingi, hapo habari inabadilika, na uamuzi ni wa daktari aliye mbele yake.

Akivuka saa hizi salama, PLT hufika chini kabisa karibu na kipindi hiki kisha huanza kupanda, mara nyingi ndani ya siku mbili tatu, na kufika kiwango cha kawaida wiki moja au mbili baadaye. Ikipitiliza hadi 480,000 au 500,000 wiki ya tatu, msishtuke, ni uboho uliokuwa umeongeza kasi, na itashuka yenyewe. Apime mara moja kwa wiki hadi ivuke 150,000. Ikibaki chini ya 100,000 baada ya wiki nne, aonwe na daktari wa damu. Watatafuta VVU, homa ya ini B na C, upungufu wa B12 na foleti, ugonjwa wa ini, dawa anazotumia, na ile hali ya kinga kuendelea kuzila chembe sahani baada ya virusi kuondoka. Mpaka zivuke 100,000 asicheze mchezo wa kugongana na asing'olewe jino bila kumwonyesha daktari wa meno majibu yake.

Ninyi wengine nyumbani hamhitaji kupimwa vitamini D kwa sababu yeye ameugua. Uchambuzi wa majaribio mengi wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba dozi ndogo za kila siku au kila wiki ziliwapunguzia kidogo maambukizi ya njia ya hewa wale waliokuwa na upungufu mkubwa. Ulipopanuliwa mwaka 2025 kwa majaribio mapya, faida hiyo haikuonekana tena waziwazi. Na kuhusu kukinga dengi, kinachokinga ni kuzuia mbu. Mgonjwa alale ndani ya chandarua hata mchana, kwani Aedes, mbu anayeeneza dengi, huuma mchana, na akimuuma yeye kabla virusi havijaisha kwenye damu atavipeleka kwenu. Mwageni maji yaliyotuama kwenye ndoo, matairi na sahani za maua angalau mara moja kwa wiki. Mkitaka kuhakikisha kila mmoja anapata vitamini D ya kutosha, kiwango cha kila siku ni yuniti 600 hadi umri wa miaka 70, 800 kwa waliozidi hapo, na 400 kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Vile vidonge saba vya 50,000 vilivyobaki virudisheni dukani au viwekeni mbali na watoto.